Parokia ya Kiingereza: Maana Yake kwa Mtafiti wa Historia ya Kijiji

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno parokia hufikiria kanisa, padre na waumini. Katika mashamba ya Uingereza neno hilo lilikuwa na maana pana zaidi: parokia ilikuwa eneo lenye mipaka, lenye kanisa lake na, tangu karne ya 16, lenye mamlaka ya kutoza kodi, kutengeneza barabara na kuwatunza maskini wake.

Mipaka ilikuwa jambo zito, kwa kuwa ndiyo iliyoamua zaka na kodi ziende wapi. Kabla ya Sikukuu ya Kupaa wanakijiji waliizunguka kwa miguu, na katika sehemu nyingi wavulana waligongeshwa kwenye mawe ya mpaka, au hata kuchapwa, ili wakizeeka waweze kutoa ushahidi wa mahali yalipokuwa.

Sheria ya 1601 iliitaka kila parokia iwalishe maskini wake kwa kodi ya wakazi, na ile ya 1662 ikaruhusu mgeni aliyeonekana kuwa atakuja kuwa mzigo arudishwe kwao. Kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alikozaliwa, wapo viongozi waliomsukuma mwanamke mjamzito avuke mpaka kabla ya kujifungua. Ulikuwa ukatili wa wazi, uliofanywa ili kuokoa shilingi chache za kodi.

Mivutano hiyo ndiyo iliyoacha karatasi, zilizotunzwa katika sanduku la kanisani pamoja na madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko ambayo Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliyaagiza mwaka 1538. Daftari la maziko la Eyam, kijiji cha Derbyshire, linafuata tauni tangu marehemu wa kwanza, aliyezikwa tarehe 7 Septemba 1665. Na Agosti iliyofuata Elizabeth Hancock alimpoteza mumewe na watoto sita ndani ya siku nane. Bila daftari la parokia, mkulima wa kawaida kama yeye asingekuwa na historia iliyoandikwa.

Mwaka 1834 utunzaji wa maskini ulihamishiwa kwenye miungano ya parokia, na sheria ya 1894 ikaunda mabaraza ya parokia yasiyo ya kanisa. Ndiyo maana leo kijiji kimoja huweza kuwa na parokia mbili zenye jina moja, ya kanisa na ya kiraia, ambazo mipaka yake hailingani, na mtafiti hulazimika kujua kwanza hati aliyoshika inahusu ipi.