Mtoto amepimwa uzito, mama je?

Kadi ya kliniki ya mtoto hapa Tanzania imepangwa vizuri. Ina sehemu ya uzito, mchoro wa ukuaji na nafasi za chanjo: ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mama akiruka tarehe moja, nesi anamuuliza alikuwa wapi. Maana yake ni kwamba katika miezi minne ya mwanzo mwanamke aliyejifungua anakutana na watumishi wa afya mara kadhaa, na mara nyingi anarudi nyumbani bila mtu kumuuliza kama analala usiku.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya mkoa. Kabla ya hapo nilikuwa wodi ya wazazi, ndiyo maana wakunga hunitania kwamba nilihama jengo tu, wateja ni walewale. Ni kweli. Ila huku kwangu wanafika wamechelewa, na karibu wote wamepitia mlango mwingine kwanza: kichwa kisichosikia dawa za maumivu, moyo kwenda mbio, mgongo, au mtoto asiyeongezeka uzito. Nyuma ya hayo ninakuta sonona ya baada ya kujifungua, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu usioisha wenyewe kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa kati ya hayo ni sonona. Hebu tazama foleni ya chanjo siku ya kliniki, halafu hesabu kwa tano tano.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Yapo machozi ya siku za mwanzo. Kati ya siku ya tatu na ya tano hivi, homoni za ujauzito zikiwa zimeshuka ghafla, mzazi analia, anacheka, analia tena, na ukimuuliza kulikoni hana jibu. Zaidi ya nusu ya wazazi hupitia hali hii na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Haihitaji dawa. Inahitaji mtu wa kupika na kufua, na asiwepo wa kumwambia aache uchuro.

Upande wa pili kabisa kuna kile ambacho mtaani kinaitwa kichaa cha mimba. Huwapata wazazi 1 au 2 katika kila 1,000, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama hapati usingizi na wala hauhisi. Anaongea mfululizo, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ametumwa na Mungu kwa kazi fulani. Baada ya saa moja anaongea vizuri tu, ndugu wanashusha pumzi, wanasema ameshatulia. Msitulie nanyi. Hii ni dharura, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kuachwa peke yake na mtoto hata kidogo. Aliyewahi kuugua bipola, yaani ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka sana kwa hisia, kabla ya ujauzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na anapaswa kumwambia mkunga mapema akiwa bado mjamzito. Akitibiwa, wengi hupona vizuri. Siku zinazopotea nyumbani kwa kutafuta nani amemroga ndizo zinazoleta misiba. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inatambua kwamba akili ya mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 12 inaweza kuwa imevurugika kwa sababu ya kujifungua, na akimuua mtoto huyo katika hali hiyo hailihesabu tendo lake sawa na mauaji ya kukusudia. Waliotunga sheria waliliona zamani. Sisi wenye makoti meupe ndio tuliochelewa kuuliza.

Katikati ya hayo mawili ipo sonona, na yenyewe haina makelele. Inaingia polepole, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ingawa wengine huanza nayo tangu mimba. Mama huyu si lazima alie. Anaamka, anamwogesha mtoto, ananyonyesha, anapokea wageni. Ila chakula hakina ladha, mtoto akilala yeye macho yako kwenye dari, na jambo dogo kama kuchagua kanga ya kutokea linamshinda. Anajiona mama mbaya. Wengine huniambia kwa sauti ya chini kwamba hawahisi chochote kwa mtoto, kana kwamba wanamlelea jirani. Wengine ni wakali, mume haelewi amekosa nini. Kwa wanawake wengi wa kwetu mwili ndio unaosema: kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, kifua kimebana. Kwa hiyo nasi tunaanza na mwili. Tunapima wingi wa damu, kwa sababu aliyepoteza damu nyingi siku ya kujifungua naye anachoka na kukosa hamu, na pale kipimo kinapopatikana tunaangalia tezi la shingo pia.

Kuna jambo ambalo wanawake hulificha kuliko yote, na ningependa nilieleze taratibu. Mama amekaa na mtoto, ghafla anajiwa na picha: anamwangusha ngazini, anamzamisha kwenye beseni, kisu kinamteleza. Anashtuka, anakificha kisu, anaacha kumwogesha mtoto na kumwachia dada wa kazi. Anaamini akisema atanyang'anywa mtoto. Mawazo haya huwajia wazazi wengi, hata wasio na ugonjwa wowote, na kwa mwenye sonona au wasiwasi hurudi mara kwa mara. Ninachokisikiliza ni anavyoyapokea. Mama anayetetemeka kwa hofu ya wazo hilo na kufanya kila njia kumkinga mtoto, huyo wazo si nia yake. Mama anayeniambia kwa utulivu kwamba ameamriwa, au kwamba mtoto atakuwa salama zaidi wakifa wote, huyo haondoki hospitali. Wa aina ya kwanza nimewaona wakilia kwa ahueni baada tu ya kuambiwa hivyo, kabla ya dawa yoyote.

Sasa turudi kwenye tarehe. Wiki ya 6 ni siku ya 42. Yaani siku ya chanjo inaangukia arobaini ikiwa ndiyo kwanza imeisha. Kwa familia zinazoshika mila, hizo siku arobaini mzazi hagusi jiko: anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga au mtori, mtoto anapokewa usiku, kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Kisha bibi anafunga mzigo wake. Mama anarudi kwenye vyombo, maji, mume, pengine na biashara yake, huku usingizi ukiwa vipande vipande. Kama kuna siku moja ya kumuuliza mama hali yake, ni hiyo.

Sitaki kuisifia arobaini kupita kiasi, maana nimewaona waliougulia ndani yake. Utafiti uliofanywa kwenye jamii mbalimbali zenye mila za namna hii haukubaliani kwamba zinakinga sonona, na mimi sishangai. Inategemea anayekulea ni nani. Mama mzazi anayempokea mjukuu ili wewe ulale, hiyo ni tiba. Mama mkwe anayekaa chumbani kutwa akisema maziwa yako mepesi, mtoto hashibi, wifi yako wa kwanza hakuwa hivi, huyo anakuongezea mzigo ambao huwezi hata kuutoroka kwa kwenda sokoni. Na siku hizi mijini wako wengi wasio na arobaini kabisa: amejifungua kwa upasuaji, ndugu wako mbali, mume amepewa zile siku 3 za likizo ya uzazi kwa baba zilizomo kwenye sheria ya kazi, ya nne yuko kazini.

Ugonjwa huu hauji kwa homoni peke yake. Ninapozungumza na mama natafuta historia: aliwahi kuugua sonona kabla? Mimba aliitaka? Amepoteza mtoto hapo nyuma? Mtoto alilazwa chumba cha watoto njiti? Na nyumbani anapigwa? Hili la mwisho siliulizi mume akiwepo. Natafuta sababu ya kumtoa nje, mara nyingi namtuma akanunue kitu.

Kwa kuuliza tunacho chombo kizuri chenye maswali 10, kinachoitwa kipimo cha Edinburgh. Kinahusu siku 7 zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na swali la mwisho ni kuhusu wazo la kujidhuru. Kilichapishwa mwaka 1987, na watu hukiona kama kitu cha Wazungu. Lakini mmoja wa waliokitengeneza, daktari John Cox, alifanya utafiti wake kuhusu wajawazito na wazazi huku kwetu, kwenye kituo cha Kasangati karibu na Kampala, miaka ya 1970, kabla ya kwenda Scotland. Huko Buganda aliwakuta watu wanaoujua kabisa ugonjwa wa akili wa mzazi, wana jina lake na sababu zao, zikiwemo tuhuma za uzinzi wakati wa mimba. Tuhuma hizo mimi bado nazisikia wodini. Kipimo chenyewe hakitoi hukumu. Alama zikiwa juu kinatuambia tukae tuzungumze, na swali la 10 likijibiwa kwa ndiyo ya aina yoyote tunazungumza hapohapo hata kama jumla ni ndogo.

Tiba ikoje? Kwa sonona nyepesi hadi ya kati, mazungumzo ndiyo ya kwanza. Si ushauri wa "jikaze, wenzio hawana watoto". Tunakutana kila wiki, tunatazama siku yake ilivyokwenda, tunachagua jambo dogo moja la kurudisha, kama kutembea hadi kwa rafiki na mtoto mgongoni, tunalichambua wazo linalomwambia yeye ni mama mbaya. Na hili halihitaji daktari bingwa. Vijijini Pakistan watafiti waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida wa kike kutoa tiba ya namna hii, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: baada ya miezi sita, mama waliotembelewa hivyo na kubaki na sonona walikuwa chini ya nusu ya wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Shirika la Afya Duniani limeugeuza utaratibu huo kuwa mwongozo. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanajua kila nyumba yenye mtoto mchanga.

Sonona ikiwa nzito, dawa zinahitajika, na swali la kwanza ni kuhusu kunyonyesha. Sertralini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, ndiyo inayopendelewa inapopatikana. Kwenye hospitali nyingi utakuta fluoksetini na amitriptilini, nazo daktari anaweza kuzitumia kwa uangalifu. Amitriptilini inaleta usingizi mzito, hivyo usilale kitanda kimoja na mtoto ukiwa umeinywa. Usiache kunyonyesha kwa kuogopa dawa kabla hujauliza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na ukipona unaendelea nayo kwa angalau miezi 6. Hapo kwenye kuendelea ndipo wengi wanapoachia. Dua, maombi na kisomo sivikatazi, vinawapa watu nguvu. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa aache vidonge, au kumfungisha mama anayenyonyesha.

Kina baba huniuliza wafanye nini. Usiku. Mpe saa nne au tano za usingizi usiokatika. Mtoto akishanyonya, wewe ndiye umcheulishe, umbadilishe na umbembeleze, yeye arudi kulala. Halafu uje naye kliniki, ukae naye kwenye benchi. Na ukiona wewe mwenyewe umekuwa mtu wa hasira, pombe na kuchelewa kurudi tangu mtoto azaliwe, njoo pia, maana sonona huwapata na wanaume.

Dada unayesoma hili ukiwa na kadi mkononi: mtoto akishachomwa sindano, kabla hujarudishiwa kadi, mwambie nesi, "Na mimi naumwa. Tangu nijifungue silali hata mtoto akilala." Akikujibu kwamba uzazi ndivyo ulivyo, omba akuandikie rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa wanacho. Kama umewahi kuwaza kufa, anza na hilo kabla ya mengine yote, hata kama umeliwaza mara moja. Kusema wazo hilo kwa mhudumu si kosa, hakuna atakayeita polisi. Siku hiyo hutapangwa tarehe ya wiki ijayo. Unaonwa palepale, na mtu wako mmoja anaitwa akae nawe.