Asiyetafuta kazi si mvivu: ninayoyaona nikijaza fomu Webuye

Jumamosi iliyopita kwenye harambee ya karo, bwana mmoja alishika kipaza sauti akasema ukosefu wa kazi Kenya ni asilimia tano tu, kwa hivyo kijana anayeshinda stejini ni mvivu. Watu wakapiga makofi. Nimeyasikia maneno hayo kanisani, kwenye matatu ya Kakamega, hata kwa walimu ninaowaheshimu sana. Nimekuwa karani wa tafiti za nguvukazi, yaani watu walio na kazi na wanaoitafuta, kwa miaka kumi na mmoja. Asilimia hiyo hutoka katika fomu kama zangu, na haisemi kabisa anachodai bwana yule.

Kwenye hesabu rasmi, asiye na kazi ni mtu ambaye hakufanya kazi katika siku saba zilizopita, alitafuta kazi ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuanza. Yote matatu kwa pamoja. La kwanza nitalipita haraka: saa moja tu ya kulipwa inakutoa kwenye orodha. Ukipakia mchanga kwenye lori asubuhi moja ukapewa mia mbili, umeajiriwa. Uchache wa saa zako unaandikwa kwenye jedwali jingine, na hilo halisomwi harambeeni.

Linaloniuma ni la pili, kutafuta.

Webuye tulikuwa na kiwanda cha karatasi, Panpaper. Kilianza uzalishaji 1974, kikafungwa 2009, na kiliponunuliwa 2016 waliokuwa vijana mashine zikizimwa walikuwa wameshakuwa wazee wa mtaa. Niliingia kwa mmoja wao, fundi wa boila. Nikamuuliza, "Mzee, katika wiki nne zilizopita umetafuta kazi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake. "Nitafute wapi, mwanangu?" Akaelekeza kidevu upande wa bomba la kiwanda. Nikabonyeza "hapana". Tabuleti ikaruka maswali kadhaa yenyewe, na mzee akatoka kwenye kundi la wasio na kazi. Aliwekwa pamoja na wanafunzi na wastaafu, walio nje ya nguvukazi.

Sasa fikiria maana yake kwa mji mzima. Kisumu au Nairobi kuna mageti ya viwanda ambako watu hujipanga alfajiri wakingoja kuchaguliwa. Wale wote wanatafuta, wanahesabiwa. Kwetu hakuna geti la kusimama. Kutafuta kazi kutoka hapa ni nauli ya Eldoret, fotokopi, na cheti cha polisi cha tabia njema ambacho unakilipia kabla hujajua kama utaitwa. Mtu akifanya hivyo mara nne bila jibu, mara ya tano hiyo nauli inanunua unga. Kwa hivyo mji ambao kazi zimekufa kabisa unaweza kuonyesha asilimia ndogo kuliko mji ambao bado una matumaini. Bwana wa harambee aliona namba ndogo akadhani ni habari njema kuhusu kazi na mbaya kuhusu vijana.

Na vijana wenyewe? Swali la tatu huuliza kama kazi ikipatikana ungeweza kuianza katika muda mfupi ujao. Mwaka juzi nilimsomea kijana mmoja mwenye cheti cha gredi tatu cha nyaya za umeme. Kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameinuka, ameingia ndani, na akarudi na bahasha ya kaki mkononi na shati jingine mwilini. Alidhani nimeleta kazi. Ilinibidi nimweleze kwamba ni swali la fomu. Kisha akakaa, akanijibu yaliyobaki kwa adabu ile ile. Alikuwa amejibu "hapana" kwenye kutafuta. Naye yuko nje ya nguvukazi.

Kuna jambo hapa ambalo halinipi raha. Kumpigia binamu simu kuuliza kama kuna mjengo ni kutafuta kazi, fomu inakubali. Lakini ukisema "umetafuta kazi?" watu husikia barua na bahasha, wanasema hapana. Nikiendelea, "hata kumuuliza mtu?", wengi hubadilika kuwa ndiyo. Karani mwenye haraka, jua likiwa kali na kaya saba zikimngoja, hasomi hadi mwisho. Sijui ni vijana wangapi nilioandika vibaya miaka yangu ya kwanza, na ninaamini si wachache.

Kisha kuna mahindi. Mkutano wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva 2013 uliamua kwamba anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Anayelima hasa kwa kuuza anahesabiwa. Mama amevuna magunia kumi. Atauza mangapi? "Inategemea karo," ananiambia. Mvua ni ile ile, jembe lile lile, mgongo unauma vile vile, na mimi nasubiri barua ya shule ndipo nijue kama mama huyu alikuwa na kazi.

Ndiyo maana sikushangilia mwaka 2020. Robo ya pili, corona ikiwa imefunga kila kitu, ukosefu wa kazi ulifika asilimia 10.4. Robo ya nne ukawa 5.4. Sehemu ya watu walirudi kazini kweli. Lakini najua nyumba ambazo vijana walirudi kutoka Nairobi na magodoro yao, wakatafuta, wakachoka, wakaacha, na kuacha kwao pia kunaishusha ile namba.

Ukipata ripoti ya tafiti hizi za nguvukazi, shuka chini ya asilimia ya kwanza. Kuna safu inayojumlisha walio tayari kufanya kazi ambao wameacha kutafuta. Fundi wa boila yuko hapo, na kijana wa bahasha pia.