Macho Makavu Yanayouma: Jua Kwanza Kilichopungua

Wengi wenye ugonjwa wa ukavu wa macho huja kliniki wakilalamikia machozi mengi. Upepo ukiwapiga kidogo tu, machozi yanashuka mashavuni, na wakiambiwa kwamba macho yao ni makavu wanaona wanafanyiwa mzaha. Machozi hayo ni ya dharura. Konea, kioo angavu kilicho mbele ya jicho, ina neva nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ikikauka, neva hizo hulalamika, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho, upande wa panja, humwaga maji kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kuyashikilia. Yanamwagika nje, na baada ya dakika chache jicho linachoma kama mwanzo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama una machozi au huna. Jiulize machozi yako yamepungukiwa nini.

Utando wa machozi unaofunika jicho ni mwembamba mno, lakini una vitu vitatu vinavyotegemeana. Chini kabisa kuna ute unaoyafanya maji yashikamane na jicho. Juu yake kuna maji yenye chumvi na protini. Juu kabisa kuna tabaka la mafuta linalozuia maji yasikauke kwa hewa. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi za meibomi zilizopangwa ndani ya kope: ukope wa juu una tezi 25 hadi 40 hivi, wa chini pungufu kidogo. Vitundu vyake viko nyuma tu ya mstari wa nywele za kope. Kwa mtu mzima wa afya, ukizibonyeza hutoa mafuta maangavu kama mafuta ya kupikia. Zikiziba, hutoka kitu kizito cheupe kama dawa ya meno, au hakitoki kitu kabisa.

Wagonjwa wengi wana tatizo hili la mafuta, peke yake au pamoja na upungufu wa maji. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza chupa baada ya chupa ya matone bila nafuu ya kudumu: anaongeza maji mahali ambapo kifuniko ndicho kilichokosekana.

Saa ya maumivu inasema mengi

Kabla ya kipimo chochote, angalia maumivu yanazidi saa ngapi. Yakianza asubuhi na kuzidi kadiri siku inavyosonga, hasa baada ya kusoma, kuendesha gari au kutazama skrini, huenda machozi yanakauka haraka mno. Ukiamka na maumivu makali kisha yakapungua baada ya saa moja au mbili, mambo mawili yachunguzwe: uvimbe wa kingo za kope, na kulala macho yakiwa hayajafumba sawasawa. Hilo la pili mwenyewe huwezi kulijua. Mwombe mtu wa nyumbani akuangalie usingizini kama weupe wa jicho unaonekana.

Macho makavu yakiambatana na kinywa kikavu, kiasi cha kushindwa kumeza chakula kikavu bila maji, pamoja na maumivu ya viungo na uchovu usioisha, mwambie daktari akuchunguze ugonjwa wa Sjögren. Jina hilo ni la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka 1933. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Matone peke yake hayautibu.

Dawa unazomeza nazo zihesabiwe. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini na baadhi ya dawa nyingine za sonona, dawa za kuongeza mkojo na isotretinoini ya chunusi zote zinaweza kukausha macho. Usiache dawa yoyote bila kumwuliza aliyekuandikia. Mara nyingi ipo mbadala.

Kliniki, uchunguzi mzuri hauchukui muda mrefu. Jicho huwekwa rangi ya njano inayong'aa chini ya mwanga wa bluu, kisha daktari huhesabu sekunde kuanzia upepese hadi utando uanze kupasuka. Chini ya sekunde 10 ni dalili kwamba utando si imara. Rangi hiyohiyo huonyesha vidonda vidogo vya konea. Kipimo cha Schirmer ni ukanda wa karatasi unaopachikwa kwenye ukope wa chini kwa dakika 5: ukilowa chini ya milimita 10 maji yanatiliwa shaka, na kwa milimita 5 au pungufu upungufu ni mkubwa. Tena, kope zibonyezwe ili mafuta yaonekane. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Isipofanywa, iombe.

Matone: aina na namna ya kuyaweka

Machozi bandia hupatikana bila cheti cha daktari, lakini hayafanani. Chupa nyingi zina kemikali ya kuzuia vijidudu, na inayotumika zaidi ni benzalkoniamu kloraidi. Kemikali hiyo hiyo inayolinda chupa huchubua ngozi laini ya konea na kuvunja tabaka la mafuta. Ukitumia matone mara mbili tatu kwa siku huenda usione shida. Ukiyatumia zaidi ya mara nne kwa siku, chagua yasiyo na kemikali hiyo: yako kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, au kwenye chupa maalumu zenye chujio. Wagonjwa wa presha ya macho wawe waangalifu zaidi, kwa sababu dawa zao za kila siku nazo mara nyingi zina kemikali hii.

Tone moja linatosha. Jicho hubeba takriban maikrolita 7 za machozi kwa kawaida, na tone la chupa huwa na 30 hadi 50. Tone la pili linaishia shavuni.

Osha mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta ukope wa chini kwa kidole upate kijifuko, tazama juu, dondosha. Ncha ya chupa isiguse jicho wala nywele za kope. Kisha fumba macho taratibu kwa dakika moja bila kuyabana, huku ukibonyeza kidogo kona ya ndani karibu na pua ili dawa isishuke kooni. Kama una dawa nyingine ya matone, subiri dakika 5. Jeli na malhamu viwe vya mwisho, kwa sababu huziba njia ya kinachofuata. Malhamu hutia ukungu machoni, kwa hiyo mahali pake ni kitandani, na humfaa sana anayelala macho nusu wazi.

Usingoje maumivu ndipo uweke. Mwenye ukavu wa kudumu huweka kwa saa maalumu, kwa mfano mara nne kwa siku, kwa sababu kazi ya matone ni kuzuia mikwaruzo, na konea iliyokwisha kukwaruzika huchukua siku kadhaa kutulia.

Kukanda kope kwa joto

Hii ndiyo tiba kuu ya tezi zilizoziba, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji moto, kikawekwa machoni mara moja na kuachwa hadi kipoe, hakifanyi kitu. Mafuta yaliyoganda yanahitaji ukope ufikie takriban nyuzi joto 40 na ubaki hapo dakika kadhaa. Kitambaa chenye maji hupoa ndani ya dakika mbili hivi.

Basi andaa vitambaa viwili na bakuli la maji moto lenye kifuniko. Jaribu joto kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: liwe kali lakini la kuvumilika. Fumba macho, weka kitambaa kimoja, na kila baada ya dakika mbili badilisha na kingine, kwa jumla ya dakika 10. Barakoa ya macho ya kupashwa joto hutunza joto vizuri zaidi, ila ikipashwa kwenye maikrowevu inaweza kuwa na sehemu moja ya moto sana. Ikorogekoroge kwa vidole kabla ya kuiweka usoni.

Kope zikiwa bado na joto, zikamue. Kwa ukope wa juu, tazama chini, weka kidole juu ya ukope na ukitelezeshe kuelekea kwenye nywele. Kwa ukope wa chini, tazama juu na utelezeshe kutoka chini kwenda kwenye nywele. Nguvu iwe ya kubonyeza tunda bivu bila kulipasua. Usikandamize mboni yenyewe. Kuona ukungu kwa dakika chache baadaye ni kawaida. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, au mwenye konea iliyochongoka, asikamue mpaka daktari amruhusu.

Malizia kwa kufuta kingo za kope kwa kitambaa safi au pamba na kisafishaji kilichotengenezwa kwa ajili ya kope. Shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji ilifundishwa kwa miaka mingi na bado wapo inaowafaa, lakini wengine huwawasha. Ukiona mashina ya nywele yamezungukwa na magamba kama mba, huenda kuna utitiri wa Demodeksi, ambao una dawa zake. Mafuta halisi ya mti-chai (tea tree), ambayo wengine huyatumia dhidi ya utitiri huo, yasiingizwe jichoni kamwe, huunguza.

Fanya hivi asubuhi na jioni kwa wiki nne bila kuruka, kisha mara moja kwa siku. Mara nyingi nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu, na wengi huacha siku ya tano.

Skrini na upepo

Mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akikazia macho skrini hupungua hadi nusu au zaidi, na mara nyingi upepesaji wenyewe huwa nusu: ukope wa juu haufiki chini. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na katika muda huo funga macho kabisa mara kadhaa, ukihesabu mbili kila mara. Shusha skrini chini ya usawa wa macho, kwani ukitazama juu jicho hubaki wazi zaidi. Geuza feni, kiyoyozi na matundu ya hewa ya gari yasipulize usoni. Miwani inayokumbatia pande za uso husaidia nje kwenye upepo kuliko matone mengi.

Vidonge vya mafuta ya samaki vinasifiwa sana. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwapa wagonjwa miligramu 3,000 za omega-3, yaani mafuta hayo ya samaki, kila siku kwa mwaka mzima, na haukuona tofauti na waliopewa mafuta ya zeituni. Kula samaki ni jambo jema. Kununua vidonge ghali kwa ajili ya macho si lazima.

Matone yasipotosha

Ukavu wa muda mrefu huleta uvimbe, na uvimbe huo huua seli zinazotengeneza ute, hivyo ukavu unajizalisha. Hapo daktari huandika matone ya siklosporini, yanayotuliza kinga ya mwili. Yanachoma mwanzoni, na faida yake hukamilika kwa miezi mitatu hadi sita. Anayeyaacha mwezi wa kwanza hajayajaribu. Matone ya steroidi hutuliza haraka lakini ni ya wiki chache chini ya uangalizi, maana yakiendelea hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Vipo pia vizibo vidogo vinavyowekwa kwenye vitundu vya kupitishia machozi ili yasikimbilie puani, lakini uvimbe utibiwe kwanza. Kwa hali ngumu kuna matone yanayotengenezwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe.

Kuna wagonjwa ambao konea inaonekana safi na bado wanaumia vibaya. Wasiambiwe kwamba wanajifikiria tu. Neva zilizokwaruzwa kwa muda mrefu zinaweza kuendelea kutuma ishara ya maumivu hata jicho likishapona. Daktari hudondosha ganzi mara moja: maumivu yakiisha, chanzo kiko jichoni, yakibaki, ubongo na neva za ndani nazo zinahusika, na dawa za kumeza za maumivu ya neva zifikiriwe. Ganzi hiyo si ya kwenda nayo nyumbani. Ikitumiwa mara kwa mara huzuia konea kupona na inaweza kuitoboa.

Vingine vya kuepuka ni matone ya kuondoa wekundu, ambayo hubana mishipa ya damu kisha wekundu hurudi kwa nguvu zaidi. Asali, maziwa na maji ya majani, ambayo hubeba vijidudu. Na kuosha lenzi za kuvaa jichoni kwa maji ya bomba.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: uoni umepungua ghafla, jicho moja linauma sana na halistahimili mwanga, kuna doa jeupe kwenye konea, usaha unatoka, au unavaa lenzi na jicho limekuwa jekundu na kuuma. Lenzi itoe papo hapo, na uibebe kwenye kikopo chake, kwa kuwa maabara inaweza kuipima. Kwa miadi ya kawaida, beba chupa zote za matone ulizowahi kutumia, hata zilizokwisha, orodha ya dawa unazomeza, na maandishi ya wiki moja yanayoonyesha saa maumivu yalipozidi na ulichokuwa ukifanya.