Nyanya inaponyauka katikati ya masika

Kila Aprili simu yangu hujaa picha za aina moja: mnyanya umelala, majani bado ya kijani, na chini yake mkulima ameandika, "Nimemwagilia tangu juzi, hauamki." Huwa naumia, maana mara nyingi maji hayo ndiyo yanayoumalizia.

Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji siku mbili tatu mfululizo, hewa yote hufukuzwa, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo mmea unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji. Ukitazama majani tu utaona kiu. Chimbua kidogo, utakuta mizizi ya kahawia inayonuka uvundo. Hapo dawa ni mifereji na matuta ya kuinuka, tena kabla ya mvua.

Mizizi ikiwa bado mizima na mmea umelala ghafla, mimi hushuku mnyauko bakteria. Kupima hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache, zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa kutoka kwenye mkato, ndio wenyewe: bakteria wameziba mirija inayopandisha maji. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayowafikia humo. Nawasihi wenye maduka ya pembejeo, msimuuzie mtu dawa ya ukungu kwa tatizo hili; mnamla hela yake bure.

Ng'oa mmea pamoja na udongo wa shinani, utoe nje ya shamba, kisha usirudishe jamii ya nyanya hapo kwa misimu kadhaa. Wengi hukosea hapa. Wanaondoa nyanya na kuweka pilipili hoho, bilinganya au viazi mviringo, wakiamini wamebadilisha zao. Hao wote ni ukoo mmoja, hata mnavu umo, na bakteria wanawajua wote. Weka mahindi.

Milimani, kama Lushoto au Mgeta, baridi na unyevunyevu huleta jambo jingine: bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Madoa yanaonekana kama yamemwagiwa maji ya moto, na asubuhi upande wa chini wa jani huwa na utando mweupe. Huu una dawa, ila ni ya kukinga. Ukisubiri shamba liungue, umechelewa.

Njombe, Juni na Julai, muuaji ni sakitu, baridi kali ya kugandisha. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupotelea angani, maji ndani ya jani huganda, na jua likichomoza viazi vimekuwa vyeusi.

Kiangazi kina wadudu wake. Kantangaze, nondo mdogo wa nyanya aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, huzaliana upesi kukiwa na joto, na kiwavi wake hujificha ndani ya jani ambako dawa nyingi hazimfikii.

Kwa hiyo kabla hujanitumia picha ya majani, ng'oa mmea mmoja unaougua. Piga picha ya mizizi, pasua shina upige na ndani, kisha niambie mvua ilinyesha lini na msimu uliopita hapo palikuwa na nini.