Nani anachagua pa kuchimba?

Juzi tena, ndani ya teksi iliyokwama kwenye foleni ya Mukono, abiria mwenzangu alinieleza bila shaka yoyote: barabara ikijengwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi, kampuni itakaa nayo miaka mingi ikilipwa, basi haiwezi kuijenga vibaya. Mkaguzi huru wa nini? Kula pesa tu. Nimeyasikia haya kwa wanafunzi, kwa wahasibu, hata kwa wahandisi. Nimechoka kuyajibu barabarani.

Anayekaa na barabara siye anayeishindilia. Kampuni ya mradi humpa mkandarasi kazi kwa bei moja na tarehe moja. Muda wa kurekebisha kasoro ukiisha, anafunga kambi na kuondoka na magreda yake. Hata akiwa na hisa kwenye kampuni hiyo, faida ya ujenzi keshaipata kabla ufa wa kwanza haujatokea. Tena sehemu kubwa ya fedha huwa ni mkopo. Riba inalimbikizana kila siku, na malipo ya kampuni kwa kawaida hayaanzi mpaka barabara ipewe cheti cha kukamilika. Hapo ndipo haraka inapoanzia.

Na barabara ya Kampala–Entebbe msinitolee mfano. Ile haikuwa ubia: ilijengwa kwa mkopo wa China, ikafunguliwa 2018, na tozo zikaanza Januari 2022. Ubia wa ujenzi ni namna ilivyopangwa ile ya Kampala–Jinja, kilomita 77, pamoja na 18 za mchepuo wa kusini mwa Kampala.

Linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba mkaguzi huru kazi yake ni kurudia vipimo vya mkandarasi. Kupima kila siku ni kazi ya mkandarasi mwenyewe. Mimi, kama mkaguzi huru, napima vichache, ili nijue kama vile vyake vingi vinaaminika. Kwa hiyo swali la kwanza si tundu la kipimo limetoa asilimia ngapi ya mshindilio uliopatikana maabara. Swali ni nani amechagua pa kuchimba.

Kwenye mradi mmoja magharibi nilikuta alama za chokaa zimeshawekwa juu ya tabaka la kokoto, zote katikati ya njia, pale rola inapopita mara nyingi. Nilitoa jedwali la namba za nasibu, zisizochaguliwa na mtu. Namba ikatupeleka sentimita 40 kutoka ukingoni. Fundi wa maabara akaniambia, "Mzee, huko hatupimagi." Tukachimba. Kokoto tukazitia mfukoni zisipoteze unyevu, tukazipima uzito, tukajaza tundu kwa mchanga mkavu tunaoujua uzito wake ili tupate ujazo. Mkataba ulidai asilimia 98. Ukingo ulitoa 93. Dereva wa rola huogopa kuteleza bondeni, na kokoto za ukingoni hazina cha kuziegemeza, zinasogea tu nje. Huko ndiko maji ya mvua yanakoingilia.

Usiku ule nikafungua majalada yao. 98.2, 98.4, 98.1, 98.3, ukurasa baada ya ukurasa. Sikuona 97 hata moja, wala 101. Kokoto hazishindiliki hivyo. Machimbo yanabadilika, maji ya bauza yanazidi hapa na kupungua pale, dereva wa asubuhi siye wa jioni. Vipimo vya kweli vinatawanyika. Vikibanana juu tu ya mstari wa kufaulu, sihitaji tundu jingine ili nianze kuuliza maswali. Wastani peke yake usingenionyesha chochote.

Yako mambo mawili ambayo sina jibu lake. Tundu linanipa hali ya siku ile. Mfereji ukiziba, asilimia ileile hainiambii tabaka litabeba nini likishalowa. La pili ni gumu zaidi: ankara yangu hupitia kwa kampuni ya mradi. Nimewahi kuandika barua ya kukataa tabaka huku malipo ya miezi miwili yakisubiri saini ya mtu wa kampuni hiyohiyo. Niliituma. Lakini maneno ya barua ile niliyapunguza makali, na sijui kama nilifanya hivyo kwa busara au kwa woga.

Ukingo ule ulifumuliwa mita 200 na kushindiliwa upya. Nyuma yake kulikuwa na kilomita kadhaa zilizokwisha kufunikwa lami, ambazo nilikuwa nimezitilia saini kwa namba zao. Nikipita huko baada ya mvua namwomba dereva apunguze mwendo, nachungulia ukingo.