Seneti ya Marekani: dhana potofu kuhusu kura 60 na ukomo wa vipindi

Tarehe 1 Oktoba 2025 serikali kuu ya Marekani ilifunga ofisi zake, na zikakaa zimefungwa kwa siku 43. Aliyekuwa akifuatilia habari hizo kutoka Mombasa au Dodoma alikuwa na haki ya kushangaa. Chama cha Republican kilikuwa na Rais, kilikuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi, na Seneti kilikuwa na viti 53 kati ya 100. Kilishindwaje kupitisha matumizi ya serikali?

Kilikosa kura 60, ambazo kanuni za Seneti huzitaka ili kufunga mjadala juu ya muswada na kwenda kwenye kura. Rais Trump aliwataka maseneta wa chama chake waifute kanuni hiyo. Kiongozi wao, John Thune, akakataa. Mwishowe maseneta wanane wa upande wa pili, ule wa Wademokrat, walikubali kuungana nao na ofisi zikafunguliwa.

Mabishano ya namna hii huibua upya madai mawili ya zamani: Seneti ibadilishe kanuni zake, na maseneta wawekewe ukomo wa vipindi. Wengi hudhani kanuni ya kura 60 ni nguzo ya Katiba isiyogusika, na kwamba ukomo wa vipindi ni suala la kutunga sheria tu. Mambo yako kinyume kabisa.

Dhana potofu: Kura 60 zimeandikwa kwenye Katiba

Hazimo. Katiba ya Marekani inataja wazi mambo yanayohitaji theluthi mbili: kuidhinisha mikataba na mataifa mengine, kumtia hatiani rais aliyeshtakiwa na Baraza la Wawakilishi, kumfukuza mbunge, kupitisha muswada ambao Rais amekataa kuutia saini, na kupendekeza marekebisho ya Katiba yenyewe. Miswada ya kawaida haimo katika orodha hiyo. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, aliandika mwaka 1787 akionya dhidi ya kuwapa wachache uwezo wa kuwazuia walio wengi, kwa kuwa Marekani ilikuwa imeshaonja shida hiyo chini ya mkataba wa kwanza wa muungano, ambapo mambo makubwa yalihitaji majimbo 9 kati ya 13.

Kilichotokea baadaye kilikuwa karibu ajali. Mwaka 1805 Makamu wa Rais Aaron Burr (ndiye yule aliyempiga Hamilton risasi na kumuua mwaka mmoja kabla) aliwashauri maseneta wapunguze kanuni zisizo na kazi. Mwaka 1806 wakaiondoa hoja iliyokuwa ikiruhusu wengi kukata mjadala na kwenda kwenye kura. Hakuna aliyesimama akasema tunawapa wachache silaha. Ilichukua miongo mitatu kabla ya maseneta kugundua pengo hilo na kuanza kulitumia kuua miswada kwa maneno, yaani filibasta.

Njia ya kufunga mjadala ilipatikana Machi 1917, baada ya maseneta wachache kukwamisha mpango wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa meli za biashara silaha dhidi ya manowari za Ujerumani. Kanuni mpya ilitaka theluthi mbili ya maseneta waliopo na wanaopiga kura. Kura 60, yaani tatu kwa tano ya maseneta wote, zimekuja mwaka 1975. Ni kanuni changa kuliko maseneta wengi wanaoitetea.

Dhana potofu: Filibasta ni seneta kusimama na kuzungumza mpaka miguu iishe nguvu

Hii ndiyo picha inayopendwa na televisheni. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 kuipinga sheria ya haki za kiraia. Alipoketi, sheria ikapita usiku uleule. Cory Booker wa New Jersey alimpita mwaka 2025 kwa saa 25 na dakika 5, lakini hotuba yake ilikuwa ya kupinga sera za serikali na haikuzuia muswada wowote.

Kuzuia kwenyewe hakuhitaji pumzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mike Mansfield, aliyekuwa kiongozi wa walio wengi, alianzisha utaratibu wa kushughulikia miswada miwili kwa zamu, ili muswada mmoja ukikwama shughuli nyingine ziendelee. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, kuzuia kukawa rahisi mno: seneta anaarifu tu kwamba anapinga, na mzigo unawaangukia walio wengi kutafuta kura 60. Mpingaji anaweza kuwa nyumbani anakula chakula cha jioni. Ndiyo maana wapo wanaosema wasifute filibasta, bali wamlazimishe anayetaka kuzuia asimame azungumze kweli. Binafsi naliona hilo kuwa pendekezo la haki kuliko yote, na ndilo linalopata wafuasi wachache ndani ya Seneti.

Dhana potofu: Bila kura 60 hakuna kinachopita

Sheria ya bajeti ya mwaka 1974 ilifungua mlango wa pembeni: miswada ya kodi na matumizi inaweza kupita kwa wingi wa kawaida, kwa saa chache za mjadala. Julai 2025 sheria kubwa ya kodi ya Trump ilipita kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais akipiga kura ya kuvunja sare. Mlango huo una mlinzi, mtaalamu wa kanuni ambaye huamua kama kifungu kinahusu fedha kweli au kimechomekwa. Februari 2021 alikitoa kifungu cha kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa, na Wademokrat wakabaki mikono mitupu.

Sheria hiyohiyo ya 1974 inaruhusu kufuta fedha zilizokwishaidhinishwa, tena bila kura 60. Hapo ndipo jambo hili linapoingia hata zahanati za kwetu. Julai 2025 Seneti ilifuta dola zipatazo bilioni 9 kwa kura 51 dhidi ya 48, sehemu kubwa ikiwa misaada ya nje. Mfuko wa PEPFAR unaogharamia dawa za Ukimwi ulinusurika kukatwa dola milioni 400 kwa sababu maseneta wachache wa Republican walidai uondolewe kwenye muswada. Kuidhinisha fedha hizo kulihitaji upande wa pili ukubali, lakini kuzifuta hakukuhitaji ridhaa yake hata kidogo.

Dhana potofu: Kanuni haziwezi kubadilishwa bila theluthi mbili

Kwenye karatasi ni kweli. Kufunga mjadala juu ya badiliko la kanuni kunahitaji theluthi mbili. Tena Seneti hujihesabu kuwa chombo kisichovunjwa, kwa sababu thuluthi moja tu ya viti hupigiwa kura kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kanuni zake hurithiwa Bunge hadi Bunge.

Lakini tazama alichofanya Harry Reid, kiongozi wa Wademokrat waliokuwa na wingi, tarehe 21 Novemba 2013. Alisimama akatoa hoja kwamba kufunga mjadala juu ya majaji na wateule wa serikali kunahitaji wingi wa kawaida. Mwenyekiti wa kikao akasema hapana, kanuni inasema tatu kwa tano. Reid akakata rufaa dhidi ya uamuzi wa kiti, na rufaa ya namna hiyo huamuliwa kwa wingi wa kawaida. Kwa kura 52 dhidi ya 48 Seneti ikaamua kwamba kiti kimekosea. Kuanzia dakika ile tafsiri ikawa nyingine, ingawa maandishi ya kanuni hayakuguswa hata nukta. Ukiifungua leo bado inasema tatu kwa tano.

Wademokrat waliacha nje Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican, alitumia njia ileile kuiingiza, na Neil Gorsuch akapata kiti cha jaji. Mwaka 2019 Warepublican wakapunguza muda wa kujadili wateule wengi kutoka saa 30 hadi saa 2. Septemba 2025 wakaruhusu wateule waidhinishwe kwa mafungu, na mwezi uliofuata watu 107 wakapita kwa kura moja.

Kinachokosekana basi ni nia. Januari 2022 Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat, alijaribu kuipitisha miswada ya haki za kupiga kura kwa njia hiyo, akakwamishwa na wawili wa upande wake mwenyewe, Joe Manchin na Kyrsten Sinema. Anayesema "kanuni zinatufunga" mara nyingi ni mtu asiye na kura 51 za kufanya anachotaka, au anazo lakini anaogopa siku atakapokuwa yeye ndiye mchache.

Dhana potofu: Filibasta iliwekwa kulinda majimbo madogo

Majimbo madogo yanalindwa na kitu kingine: kila jimbo lina maseneta wawili, Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 sawa na California yenye takriban milioni 39. Katiba inasema jimbo halitanyang'anywa usawa huo bila ridhaa yake. Filibasta ilipata sifa yake mahali pengine. Mwaka 1922 maseneta wa Kusini waliua muswada wa kuadhibu waliokuwa wakiwaua Weusi kwa sheria ya mkononi, na sheria ya serikali kuu ya kuharamisha mauaji hayo haikusainiwa hadi Machi 2022. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilibidi ivuke siku 60 za vikao kabla mjadala haujafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29.

Dhana potofu: Bunge likitaka ukomo wa vipindi, litunge sheria

Lilishajaribiwa na majimbo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majimbo 23 yalikuwa yameweka ukomo kwa wabunge wao wa Washington. Tarehe 22 Mei 1995 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Arkansas, ilizitupa sheria hizo zote kwa majaji 5 dhidi ya 4. Sifa za kuwa seneta zimo ndani ya Katiba: umri wa miaka 30, uraia wa miaka 9, ukaazi wa jimbo. Jimbo haliwezi kuongeza sifa nyingine, wala Bunge kwa sheria ya kawaida. Njia iliyobaki ni kurekebisha Katiba, yaani theluthi mbili za kila baraza kisha majimbo 38.

Miezi miwili kabla ya hukumu ile, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepiga kura 227 dhidi ya 204 kuunga mkono marekebisho hayo, pungufu mbali ya theluthi mbili. Aprili 1996 Seneti nayo ikajaribu. Haikufika hata kwenye kura yenyewe: hoja ya kufunga mjadala ilipata 58, na zilihitajika 60.

Leo pendekezo linalojulikana zaidi ni la Ted Cruz wa Texas, mihula miwili kwa seneta na mitatu kwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Cruz mwenyewe yuko muhula wa tatu. Pendekezo lake halihesabu vipindi vilivyoanza kabla ya marekebisho kuidhinishwa, hivyo hajavunja andiko lake.

Wasomaji wa kwetu huwa wanadhani baraza la juu popote pale halina ukomo. Kenya ni kweli: gavana ana mihula miwili, seneta anaweza kurudi mara zote atakazochaguliwa. Rwanda ni tofauti. Seneta wake alikuwa na kipindi kimoja cha miaka minane, na tangu marekebisho ya 2015 ana miaka mitano inayoweza kurudiwa mara moja tu.

Dhana potofu: Ukomo huwaondolea nguvu wenye fedha na vigogo

Majimbo ya Marekani yamejaribu kwenye mabunge yao. California na Michigan ziliweka ukomo mkali mwaka 1990 na 1992. Mbunge akiwa na miaka sita tu katika baraza la chini, anapoanza kuielewa bajeti anafungasha. Wanaobaki ni gavana na wizara zake, watumishi wa Bunge, na washawishi wa makampuni ambao hawana ukomo wowote. Majimbo yote mawili yalilegeza masharti baadaye, California mwaka 2012 na Michigan mwaka 2022: miaka 12 kwa jumla, mtu aitumie katika baraza lolote kati ya mawili. Hayakufuta ukomo, na sidhani walipaswa kufuta. Walirekebisha urefu.

Kuhusu vigogo, kuna ukomo mwingine ambao hauhitaji Katiba wala majimbo 38. Nguvu ya seneta mkongwe hutoka kwenye uenyekiti wa kamati, na tangu miaka ya 1990 Warepublican wana kanuni ya chama: miaka sita ya kuongoza kamati moja, basi. Wademokrat hawana kanuni kama hiyo. Chuck Grassley wa Iowa, aliyezaliwa 1933 na kuingia Seneti Januari 1981, aliongoza Kamati ya Sheria kwa miaka minne, akahamia Kamati ya Fedha, na mwaka 2025 akarudi ya Sheria kumalizia miaka miwili iliyokuwa imebaki.