Ushirika wa nyumbani ni nini hasa?

Mtajie Mkenya neno "ushirika" na huenda akafikiria sacco kabla ya kanisa: hisa, mkopo, mkutano wa mwaka na soda ya bure. Hajapotea sana. Katika Luka 5:10, Yakobo na Yohana wanaitwa "washirika wa Simoni", na hapo hakuna ibada yoyote. Ni biashara ya samaki: mashua, nyavu, na hasara ya usiku mzima ambayo wote wanaila. Koinonia, neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inalitafsiri "ushirika", limetoka kwenye mzizi huo huo. Lile la kwetu tulilichota Kiarabuni, na mzizi wake ndio uliotupa pia shirika na, ajabu ya lugha, ushirikina. Kwa majirani zetu Walutheri wa Tanzania, usharika ndilo kanisa lenyewe la mahali.

Ushirika wa nyumbani, basi, ni waumini wachache, mara nyingi majirani, wanaokutana kwa zamu katika nyumba zao kusoma Neno, kuimba, kuombeana na kusaidiana. Nairobi una majina mengi. Mkatoliki atakwambia "jumuiya". Mpresbiteri atataja wilaya yake na mzee wa kanisa anayeisimamia. Wapentekoste wengi husema seli. Usiuchanganye na ibada ya familia, ile ya baba, mama na watoto kabla ya kulala. Usiuchanganye pia na kanisa la nyumbani, yaani kusanyiko lisilo na kwingine kwa kwenda Jumapili. Ushirika huwa tawi. Shina liko kanisani.

Mambo haya si mapya. Wakristo wa kwanza waliumega mkate nyumba kwa nyumba (Matendo 2:46), na Paulo alipoandika barua kwa Warumi alilisalimu kanisa lililokuwa nyumbani kwa Priska na Akila. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Petro. Ametoka gerezani usiku, anagonga mlango wa nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambamo watu wengi wamekusanyika kuomba. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, anafurahi mno, anarudi mbio ndani kuwaambia wenzake na kumsahau mtume nje. Yeyote aliyewahi kuachwa getini mtaani Umoja saa mbili usiku huku wenyewe wakiimba juu ghorofani anaelewa.

Kwetu Afrika Mashariki, Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya katika miaka ya 1930, uliishi zaidi sebuleni kuliko madhabahuni: ndugu waliketi pamoja, wakaungama makosa yao wazi, wakaita huko kutembea nuruni. Nao maaskofu Wakatoliki wa kanda hii, kupitia AMECEA, chama chao, walikutana papa hapa Nairobi mwaka 1976 na kuamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha kazi yao ya kichungaji. Kwa hiyo anayedhani jumuiya ni mtindo ulioletwa na ndege kutoka Ulaya anakosea.

Mwaka 2020 ndio uliotuonyesha maana ya neno hili. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla mwezi kwisha makanisa yalikuwa yamefungwa na kafyu imeanza. Yalipofunguliwa Julai, iliruhusiwa ibada ya saa moja, watu wasiozidi 100, na aliyezidi miaka 58 au asiyefika 13 abaki nyumbani. Fikiria shosho ambaye hajakosa misa ya kwanza kwa miaka na miaka, anaambiwa na kijana mwenye kipimajoto mlangoni kwamba umri wake umepita. Hata sebuleni hatukuruhusiwa kujazana. Lakini waliokuwa na jumuiya walikuwa na mtu wa kuwapigia simu na kuuliza, "Umekula? Kodi umelipa?" Wale waliojulikana na benchi la Jumapili pekee walibaki na YouTube. Hapo ndipo nilipoacha kuiita jumuiya "kanisa dogo". Padre hawezi kujua kwamba mume wa fulani amesimamishwa kazi Industrial Area. Jirani wa ghorofa ya tatu anajua.

Jioni yenyewe huwa hivi. Viatu vimejaa mlangoni. Wakubwa wako kwenye kochi, vijana kwenye ndoo zilizogeuzwa, watoto mkekani. Juzi tukiwa katikati ya somo tokeni za stima ziliisha. Mwenyeji akaanza kuona aibu, akitafuta simu yake gizani. Kabla hajaipata, mtu alikuwa ameshanunua tokeni kwa M-Pesa na kumsomea namba, tarakimu ishirini, huku mwingine akimulika mita kwa tochi. Msomaji akaendelea kutoka mstari aliouachia. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu kusaidiana.

Kuna mambo yanayoniudhi, niseme tu. Katika parokia nyingi, bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya mtoto habatizwi kirahisi na marehemu hazikwi kwa misa bila maswali. Nia ni njema, ila jumuiya hugeuka daftari la mahudhurio. Jingine ni chai. Ilianza chai na mkate, ikawa chapati, siku hizi kuna anayepika pilau, na mpangaji wa bedsita anakwepa zamu yake kwa aibu. Jumuiya yetu ilikata shauri: chai ya rangi, basi.

Tena baada ya Shakahola mwaka 2023, msitu wa Kilifi ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa, watu wana haki ya kuuliza vikao vya faragha vinafundisha nini. Mimi huangalia vitu vichache: kila mtu ana Biblia yake na anaruhusiwa kuuliza, kiongozi ana wa kumwajibisha juu yake, na hakuna anayeambiwa amkimbie daktari, shule au ndugu zake. Ukiambiwa usimwambie mkeo mlichozungumza, vaa viatu uondoke.

Ukihamia mtaa mpya, mwone katekista au mzee wa kanisa baada ya ibada. Hatakuuliza mengi. Atataka kujua unakaa ploti gani, karibu na duka la nani, kisha atamwita mama mmoja aliyesimama pembeni na kusema, "Huyu ni wenu."